Maisha ya Isaac Newton, mwenye jina tunaloliandika kila juma



Katika trimestre ya kwanza sisi wa darasa la tano tulipata haya. Interogasio ya fizike ilikuwa na maswali matatu: moja juu ya mwendo, moja juu ya nguvu, moja juu ya mwangaza. Tulikuwa tumekariri formile zote kama vile mtu anavyokariri wimbo. Karatasi ziliporudi, zaidi ya nusu ya darasa tulikuwa chini ya pointi tano juu ya kumi. Tena watu saba tulikuwa na kosa moja lile lile, pahali palepale, na kila mtu anajua kosa la namna ile linatembea namna gani kutoka benchi mpaka benchi. Mwalimu hakutupigia kelele. Alituuliza tu kama tunamjua yule mtu ambaye jina lake tunaliandika kila juma mwishoni mwa mazoezi ya nguvu. Tulinyamaza. Tulikuwa tunaandika herufi N, na wengine wetu tulifikiri ni herufi tu.

Basi alitutuma kutafuta maisha ya mtu huyu. Tulisoma, tuliulizana, na tuliyoyapata tunawapa hapa, kwa sababu tunajua madarasa mengine nayo yanaogopa fizike.

1. Mtoto wa mjane

Isaac Newton alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, siku ya Noeli mwaka wa 1642 kufuatana na kalenda ya Waingereza wa wakati ule. Kwa kalenda yetu ya leo ni tarehe 4 Januari 1643. Baba yake alikuwa mkulima na mfuga kondoo asiyejua hata kuandika jina lake, na alikufa miezi mitatu hivi mbele ya mtoto kuzaliwa. Mtoto mwenyewe alizaliwa mbele ya wakati, mdogo sana, hata ilisimuliwa kwamba angeweza kuingia katika chombo cha litre moja. Watu wa nyumba hawakufikiri ataona juma la pili.

Alipofikisha miaka mitatu, mama yake aliolewa tena na mchungaji mmoja mzee wa parokia ya jirani, naye akamwacha mtoto kwa bibi yake. Isaac alikaa na bibi mpaka mwaka wa 1653, mama aliporudi mjane mara ya pili, sasa na watoto wengine watatu. Wale kati yetu waliolelewa na bibi wanajua mambo haya yanakaa namna gani ndani ya moyo. Newton naye yalimkaa. Aliishi miaka 84 bila kuoa, na maisha yake yote alikuwa mtu wa kunyamaza, mwepesi wa kuona kwamba wengine wanamwonea.

Walimpeleka kusoma katika mji wa Grantham, karibu km 11 kutoka kijijini. Alipanga kwa mwuza dawa wa mji ule. Mwanzoni alikuwa kati ya watoto wa nyuma darasani. Lakini mikono yake ilikuwa haipumziki: alitengeneza kinu kidogo cha upepo, alifunga taa kwenye vishada na kuvirusha usiku, alichora saa za kivuli juu ya ukuta. Mwaka wa 1658 upepo mkali sana ulipita Uingereza, na kijana huyu akatoka nje kuruka, mara moja akifuata upepo, mara ingine akiupinga. Alipima tofauti ya miruko ile miwili ili ajue upepo una nguvu gani. Huo ndio mwanzo wake wa kupima nguvu. Hakuwa na chombo hata kimoja isipokuwa miguu yake.

2. Wanamtoa shuleni

Hapa tunaomba kila msomaji asimame kidogo. Newton alipokuwa na miaka karibu 17, mama yake alimtoa shuleni. Alikuwa mtoto wa kwanza, shamba lilihitaji mtu, kondoo walihitaji mchungaji. Maneno hayo tunayasikia hapa Ituri kila mwaka mwezi wa tisa, wakati wa kurudia masomo, tunapohesabu viti vitupu.

Kazi ya shamba ilimshinda. Alikaa chini ya mti na kitabu, kondoo wakaingia katika mashamba ya watu, na faini zikaja kulipwa. Mwisho watu wawili walisema naye mama: mjomba wa kijana, aliyekuwa mchungaji wa kanisa, na mwalimu mkubwa wa shule ya Grantham, aliyeitwa Henry Stokes. Walimwomba amrudishe mtoto shuleni. Mama alikubali. Kama watu wale wawili wangenyamaza, labda leo herufi N ingekuwa ya mtu mwingine. Ninyi wajomba, ninyi walimu, muone kazi iliyo mikononi mwenu.

3. Mtumishi wa wanafunzi wenzake

Mwezi wa sita 1661 aliingia iniversite ya Cambridge, katika koleji ya Trinity. Mama alikuwa na mali lakini alimpa kidogo tu. Kwa hiyo Isaac aliingia kama mwanafunzi mtumishi: aliwafanyia kazi wanafunzi matajiri na wakubwa wa koleji ili apate chakula na masomo. Hakuna aliyemwona kuwa wa ajabu.

Kule Cambridge walifundisha bado mambo ya Aristoteles, Mgriki wa kale, aliyesema kwamba kitu kinatembea tu wakati kinasukumwa. Newton alinunua kaye na kuanza kuandika ndani yake maswali yake mwenyewe, moja moja, kila moja na kichwa chake: juu ya mwendo, juu ya rangi, juu ya uzito, juu ya jicho. Alisoma vitabu vipya vya Galileo na vya Mfaransa Descartes, ambavyo mwalimu hakuviomba. Si mtu aliyemaliza kitabu halafu akafunga. Aliandika pembeni mahali asipokubali.

4. Tauni inafunga masomo

Mwaka wa 1665 tauni iliingia London. Katika mwaka ule mmoja karibu watu 70 000 waliandikwa katika vitabu vya wafu wa mji kwamba wameuawa na ugonjwa huo. Cambridge ilifunga milango na wanafunzi wakarudi kwao. Newton alirudi Woolsthorpe, kwenye shamba lile lile lililomshinda, akakaa kule karibu miaka miwili, mpaka 1667.

Sisi tunaelewa maneno haya kuliko wanafunzi wa nchi nyingine. Tauni kwetu si neno la kitabu tu: upande wa Rethy, katika teritware ya Djugu, wagonjwa wa tauni walionekana tena mwaka wa 2020 na 2021. Mwaka huohuo wa 2020 shule za Kongo nzima zilifungwa miezi mingi juu ya korona. Tena wengi wetu tumefungiwa masomo na vita, tukakimbia na kaye ndani ya mfuko au bila kaye kabisa. Hatusemi kwamba kufungiwa shule ni kitu kizuri. Newton alikuwa na nyumba yenye amani, chakula, vitabu na karatasi. Mtoto wa kambi ya wakimbizi hana hivyo vyote. Lakini jambo moja alilolifanya linawezekana hata kwa mwenye kidogo: alichukua maswali yake pamoja naye. Masomo yalifungwa, maswali hayakufungwa.

Katika miaka ile miwili, naye hajafika miaka 25, alianza kazi tatu: namna mpya ya kuhesabu vitu vinavyobadilika kidogo kidogo, mambo ya mwangaza na rangi, na mambo ya mwezi na uzito. Alianza tu, hakumaliza. Vitabu vingine vinasimulia kama vile yote yalitokea kwa siku moja chini ya mti. Si kweli. Kazi ya mwezi ilimchukua miaka 20 mingine.

5. Mwangaza

Watu wa wakati ule walifikiri mwangaza mweupe ni safi, na kwamba rangi zinakuja kwa sababu kioo kinauchafua. Newton alifunga madirisha ya chumba, akatoboa tundu dogo, na mbele ya tundu akaweka prisma, yaani kipande cha kioo chenye pande tatu. Juu ya ukuta wa mbele, metre zaidi ya sita, rangi zikatokea: nyekundu, chungwa, manjano, kijani, bluu, mpaka zambarau.

Wengi waliona rangi hizi mbele yake wakafurahi tu. Yeye alipima. Tundu lilikuwa la mviringo, kwa hiyo alama ukutani ingepaswa kuwa ya mviringo pia. Kumbe urefu wake ulikuwa karibu mara tano ya upana. Sababu gani? Akachukua ubao wenye tundu, akapitisha rangi moja tu, ikaenda kupita prisma ya pili. Kama kioo ndicho kinachotia rangi, prisma ya pili ingetia rangi nyingine. Haikutia. Nyekundu ilibaki nyekundu, bluu ilibaki bluu, na bluu ilipinda zaidi kuliko nyekundu. Kisha alikusanya rangi zote pamoja na kioo cha kukuza, na weupe ukarudi. Ikawa wazi: mwangaza mweupe ni mchanganyiko, na kila rangi inapinda kwa kiasi chake.

Mnaweza kuona jambo hili hapa Bunia bila prisma. Asubuhi, jua likiwa bado chini, weka beseni la maji karibu na mlango, tia ndani kioo cha kujitazama kikiwa kimeinama, na elekeza mwangaza ukutani. Rangi zitaonekana. Lakini angalisho: msiangalie jua lenyewe, wala sura yake ndani ya kioo. Newton alifanya hivyo, macho yakamwuma hata akajifungia siku kadhaa ndani ya chumba chenye giza.

Kwa njia hii tunaelewa na upinde wa mvua. Ndani ya kila tone mwangaza unapinda, unarudi, unatoka umegawanyika. Descartes alikuwa amepata kwamba upinde unaonekana karibu digri 42 kutoka upande ulio kinyume cha jua, na Newton akaeleza sababu ya rangi. Kwa hiyo kama jua limepanda juu ya digri 42, hakuna upinde utakaoonekana angani kwa mtu anayesimama chini. Kwetu, karibu na ekwateri, saa sita ya mchana jua liko juu sana siku zote. Ndiyo maana upinde tunauona asubuhi au jioni, kamwe saa sita. Wengi wetu tumeishi hapa miaka 17 na hatukuwa tumeangalia neno hilo.

Mwaka wa 1668 alitengeneza kwa mikono yake darubini inayotumia kioo cha kurudisha mwangaza. Urefu wake ulikuwa karibu sentimetre 15 tu, lakini ilikuza karibu mara 40. Mwaka wa 1669 alifanywa profesa wa matematike Cambridge, bado na miaka 26. Wanafunzi waliokuja kumsikiliza walikuwa wachache, na mara nyingine alisoma somo lake mbele ya ukumbi mtupu. Mwaka wa 1672 kazi yake juu ya rangi ilichapwa. Robert Hooke, mwanasayansi mkubwa wa London, aliipinga, na Newton alikasirika hata akataka kuacha kuonyesha watu kazi zake.

6. Mwezi unaanguka

Wote tumesikia habari ya tofaa, lile tunda wengine wetu tunaliita pome. Newton mwenyewe aliisimulia akiwa mzee: aliliona likianguka katika shamba la Woolsthorpe. Halikumpiga kichwani, hayo yaliongezwa na watu. La maana ni swali lililofuata. Kama nguvu ya dunia inavuta tunda juu ya mti, inavuta na jiwe juu ya mlima. Je, inafika mpaka wapi? Inafika kwenye mwezi?

Hapa tulielewa kwamba Newton alifanya zoezi kama mazoezi yetu. Tulifanye pamoja naye. Jiwe likiachwa, katika sekunde ya kwanza linaanguka karibu metre 4,9. Mwezi uko mbali na kati ya dunia mara 60 kuliko sisi. Newton alifikiri kwamba nguvu inapungua kufuata umbali mara umbali: umbali mara mbili, nguvu inagawanywa kwa 4, umbali mara tatu, kwa 9, umbali mara 60, kwa 3 600. Basi katika sekunde moja mwezi unapaswa kuanguka metre 4,9 gawanya kwa 3 600, ni milimetre 1,36. Ukipima njia ya mwezi ya kweli, ile duara anayoizunguka kwa siku 27 na kitu, utaona kwamba kila sekunde mwezi unaacha mstari ulionyooka kwa milimetre 1,36 hivi. Mwezi unaanguka kila wakati, lakini unakimbia mbele pia, ndiyo maana haufiki chini.

Mara ya kwanza hesabu yake haikukubali sawasawa. Kipimo cha ukubwa wa dunia alichokitumia hakikuwa kizuri. Yeye alifanya nini? Hakubadilisha majibu ili yapatane, vile sisi tunavyofanya tukiona jibu la mwisho wa kitabu. Aliiweka kazi ile pembeni. Baadaye Mfaransa Picard alipima dunia vizuri zaidi, na kipimo kile kilichapwa mwaka wa 1671. Kwa kipimo hicho hesabu ya mwezi ilikubali.

7. Halley anapiga hodi

Mwezi wa nane 1684 Edmond Halley, mtazama nyota, alikwenda Cambridge kumwuliza Newton: kama jua linavuta sayari kwa nguvu inayopungua kufuata umbali mara umbali, sayari itapita njia gani? Newton alimjibu palepale kwamba ni duara lililonyoshwa, na kwamba alikwisha kuihesabu. Lakini alipotafuta karatasi hakuiona. Alimwahidi Halley kuifanya upya. Mwezi wa kumi na moja Halley alipokea kurasa chache, na alipozisoma alirudi mbio Cambridge kumwomba mengine zaidi.

Toka hapo Newton alifanya kazi miezi karibu 18, mara nyingine akisahau kula. Kitabu kikubwa kilitoka mwezi wa saba 1687, kwa Kilatini. Chama cha wataalamu cha London hakikuwa na pesa za kukichapa, kwa sababu kilikuwa kimezimaliza kuchapa kitabu cha samaki. Halley, ambaye hakuwa tajiri, alilipa kwa pesa zake mwenyewe. Tunaomba jina lake lisisahauliwe. Kuna watu wanaofanya hesabu, na kuna watu wanaopiga hodi kwa mwenye hesabu mpaka aitoe.

Ndani ya kitabu hicho mna zile sheria tatu tulizokariri bila kuziona. Ya kwanza: kitu kinachotulia kinaendelea kutulia, na kinachotembea kinaendelea kutembea sawasawa katika mstari ulionyooka, mpaka nguvu fulani ikibadilishe. Kamio ya Mahagi ikifunga breki ghafula, watu walioketi juu ya magunia wanaendelea mbele. Ya pili: nguvu ni masi mara kuongezeka kwa mbio. Kwa nguvu ileile, kinga tupu inaongeza mbio haraka kuliko kinga iliyobeba magunia mawili ya mihogo. Ya tatu: kila nguvu ina nguvu nyingine sawa nayo inayorudi kinyume. Ukiruka kutoka mtumbwi kwenda nchi kavu kule Kasenyi, mtumbwi unarudi nyuma ndani ya Ziwa Albert, na asiyejua fizike anaanguka majini.

8. Alituhesabu na sisi

Kuna jambo moja katika kitabu kile linalotuhusu sisi wa ekwateri. Mwaka wa 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya timazi Cayenne, Amerika ya Kusini, digri 5 tu kutoka ekwateri. Saa iliyokwenda sawa kule Paris, ilichelewa Cayenne dakika mbili na nusu kila siku. Wengi walifikiri ni joto lililorefusha chuma, au ni makosa ya Richer. Newton alisema hapana: karibu na ekwateri mvuto wenyewe ni mdogo zaidi. Dunia inazunguka, na huku kwetu inakimbia karibu km 1 670 kwa saa, kwa hiyo imevimba kidogo katikati na kubonyea juu na chini. Wafaransa wengi hawakukubali. Walituma watu kupima Lapland, kaskazini kabisa, mwaka wa 1736, na wengine Peru, kwenye ekwateri, toka 1735. Newton alikuwa amekwisha kufa, lakini vipimo vilimpa haki. Leo tunajua kwamba nusu kipenyo cha dunia kwenye ekwateri kinazidi kile cha ncha kwa km 21.

Basi Bunia iko karibu km 170 kaskazini ya ekwateri, ambayo inapita karibu na Butembo, na iko juu ya bahari karibu metre 1 300. Kwa hiyo huku g si 9,81 ya vitabu vya Ulaya. Ni karibu 9,78. Mwanafunzi mwenye masi ya kg 50, uzito wake Paris ni 50 mara 9,81, yaani newton 490,5. Hapa Bunia ni 50 mara 9,78, yaani newton 489. Tofauti ni newton 1,5, karibu uzito wa ndizi moja. Masi haikubadilika, mvuto ndio uliobadilika. Swali hilo lilikuwa katika interogasio yetu: tofauti ya masi na uzito ni nini? Tulilikosa, na jibu lilikuwa chini ya miguu yetu.

9. Uzee wake na udhaifu wake

Tusimfanye malaika. Mwaka wa 1693 alipata taabu ya akili, akaandikia rafiki zake barua za kuwashtaki bila sababu; baadaye aliomba msamaha. Na Hooke hawakupatana mpaka Hooke alipokufa mwaka wa 1703. Na Mjerumani Leibniz aligombana miaka mingi juu ya nani alitangulia kupata ile hesabu mpya. Leo inakubaliwa kwamba kila mmoja aliipata kwa njia yake. Wakati ule Newton alitumia ukubwa wake kumshinda mwenzake, na hilo halikuwa haki. Mwaka wa 1720 alipoteza pesa nyingi katika biashara ya hisa iliyoanguka. Alisoma Biblia sana na kuandika kurasa nyingi juu yake, lakini juu ya Utatu hakukubaliana na kanisa lake, na alificha jambo hilo mpaka kufa.

Toka 1696 alifanya kazi ya serikali katika nyumba ya kutengeneza pesa, London, akiwafuata kwa ukali watengenezaji wa pesa za uongo. Mwaka wa 1703 alifanywa prezida wa chama cha wataalamu. Mwaka wa 1704 alitoa kitabu chake cha mwangaza, na 1705 malkia Anne alimpa heshima ya kuitwa Sir. Alikufa mwezi wa tatu 1727, akazikwa London katika kanisa la Westminster, pahali walipozikwa wafalme. Yule mtoto wa chombo cha litre moja.

10. Sasa tunafanya mazoezi namna gani?

Kutoka maisha haya tulijifanyia sheria za darasa. Kwanza, tunasoma swali mpaka tuweze kulisimulia bila kuangalia. Pili, tunachora. Tatu, tunaandika tunayoyajua na tunayoyatafuta, kila kipimo katika metre, kilo na sekunde. Nne, ndipo tunaita formile. Tano, tunauliza jibu: wewe unawezekana kweli?

Mfano. Moto yenye watu wawili, jumla kg 300, inakwenda km 36 kwa saa. Dereva anafunga breki, moto inasimama baada ya metre 10. Nguvu ya breki ni ngapi? Km 36 kwa saa ni metre 10 kwa sekunde. Wengi wetu tulianguka hapo. Mbio mara mbio ni 100. Tunagawanya kwa mara mbili ya umbali, yaani 20, tunapata 5: kila sekunde mbio zinapungua metre 5 kwa sekunde. Nguvu ni 300 mara 5, newton 1 500. Sasa tuulize zaidi, vile Newton angeuliza. Kama dereva anakwenda km 72 kwa saa, na breki ni zile zile? Mbio ni mara mbili, lakini umbali wa kusimama ni mara nne: metre 40. Mtoto anayevuka barabara metre 25 mbele ya moto aliokolewa katika hesabu ya kwanza. Katika ya pili hapana. Hapo darasa lilinyamaza, na hakuna aliyesema tena kwamba fizike ni ya egzamen tu.

Na moja ya mwangaza. Samaki yuko ndani ya maji safi, sentimetre 120 chini. Ukimtazama kutoka juu wima, unamwona wapi? Kipimo cha maji ni 1,33, kwa hiyo tunagawanya 120 kwa 1,33: karibu sentimetre 90. Jicho linamwona juu kuliko alipo. Wavuvi wa ziwa wanalijua neno hilo kwa mkono. Sisi sasa tunalijua kwa hesabu pia.

Interogasio iliyofuata hatukupata wote kumi juu ya kumi, tusidanganye. Lakini yale makosa saba ya pamoja hayakurudi. Kila mtu alikosa kosa lake mwenyewe, na mwalimu alisema kwamba hapo ndipo kazi inaanza.

Kwa mtu wa darasa la kwanza au la pili anayesoma hapa akiogopa: anza na kaye ya maswali. Na kama kuna rafiki yako aliyetolewa shuleni akae na ng'ombe, mkumbuke mjomba wa Newton na mwalimu Stokes, na mwende mkaseme na wazazi wake mbele ya mwezi wa tisa kufika.

Sisi wenzenu wa darasa la tano, Bunia.